Kisima cha Ploti ya Mjomba Mutie

Kitui Mjini
6 Machi 1994

Kaka yangu Nzioka,

Nakusalimu wewe na Mbula na watoto, nikitumaini vumbi la barabara ya Mombasa halijawamaliza huko Malili. Sisi huku tuko. Jumapili nilipanda Matinyani kumwona Mwaitu. Mguu unamsumbua lakini maneno bado anayo. Aliniuliza duka gani hilo ambalo halina siku ya kufungwa, hata mtoto wa mtu hawezi kuja kumwona mama yake. Nikamwambia una kazi nyingi. Akaendelea kuchambua mbaazi. Mvua bado. Watu wamelima wakangoja.

Ushonaji unaenda, ingawa baada ya sare za Januari wateja wamepungua.

Sasa kaka, kuna jambo. Unajua Mjomba ameongeza vyumba vinne nyuma ya ploti. Ili vyumba vipate nafasi, choo cha zamani kilivunjwa, na kipya kikachimbwa kando ya kisima, tena upande wa juu. Mtu akitoka chooni anaweza kunyoosha mkono akashika kamba ya ndoo. Na mfereji wa mji unavyokauka, ploti nzima tunategemea kisima hicho. Tangu mwezi uliopita maji yana harufu. Ya watoto wangu nachemsha, ingawa makaa yamepanda bei. Wengine wanakunywa hivyo hivyo.

Nilisikia sokoni kwamba kaunsil ya mji ina sheria za vyoo na za majengo, na mwananchi akiona zimevunjwa anaweza kwenda kusema. Wewe umezungumza na watu wa kaunsil miaka mingi kwa sababu ya leseni. Nieleze. Mtu anaenda ofisi gani? Anaandika ama anasema kwa mdomo? Na mwenye ploti anaambiwa ni nani aliyesema? Hilo la mwisho ndilo linanishika. Unajua Mjomba alivyotulea baba alipokufa, na mimi nilipofiwa na Musyoka ni yeye aliyenipa chumba. Sitaki aaibike. Nataka choo kihamishwe, basi.

Nijibu upesi. Nitafanya utakavyosema.

Dada yako,
Ndila


Malili
28 Machi 1994

Dada Ndila,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa hapa. Usinihesabie ubaya kwa kuchelewa kuandika. Malori yamekuwa mengi, na dereva akisimama hapa anataka chai, sigara na betri za tochi, vyote kwa wakati mmoja. Mbula amechaguliwa kuongoza kwaya ya akina mama, kwa hivyo nyumbani tunaimba hata tukiosha vyombo. Mtoto wa pili ameng'oka meno mawili ya mbele.

Pasaka sitaweza kuja. Mwambie Mwaitu nitapita mwezi wa sita, nimletee dawa ya kuchua mguu.

Msalimie Mjomba. Mwambie vile vyumba vikipata wapangaji wote anijulishe. Wewe endelea na cherehani yako kwa amani, na mambo mengine tutaongea tukionana.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka


Kitui Mjini
9 Aprili 1994

Kaka Nzioka,

Tumefurahi kusikia kwaya imempata mtu. Huku Pasaka ilipita vizuri, Mjomba alihubiri, na mvua ilinyesha kidogo siku ile ya Jumatatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu la kile nilichokuuliza. Labda ukurasa mmoja ulibaki mezani kwako.

Nimeongea na Mjomba mwenyewe. Nilimpelekea uji, nikakaa, nikamwambia choo kiko karibu mno na kisima na maji yananuka. Hakukasirika. Alisema, "Ndila, hiki kisima nilikichimba kwa mikono hii, na nyinyi wote mmekinywa." Akamaliza uji, akaniambia atakiangalia mvua ikiisha. Afadhali angekasirika.

Ukuta wa pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja anaitwa Waithera, mtu wa upande wa Nyeri, anauza mboga sokoni. Ana mtoto mmoja tu, Wariara, wa miaka minne. Huyo mtoto hushinda chini ya meza yangu ya kushonea akiokota vipande vya kitambaa, kisha ananiuliza kila kimoja ni cha nguo ya nani. Tangu juzi ana homa na anahara. Leo hakuja.

Kaka, nakuuliza tena. Ofisi gani?

Ndila


Kitui Mjini
2 Mei 1994

Kaka,

Nisamehe nikianza na habari mbaya. Wariara amekufa. Hospitali walisema ni homa ya matumbo, na kwamba aliletwa amechelewa. Hawakusema imetokana na maji gani, na hakuna aliyewauliza. Tumemzika hapa makaburi ya mji kwa sababu kwao ni mbali na nauli haikupatikana. Mjomba ndiye aliyenunua mbao za jeneza, na ndiye aliyeomba kaburini. Aliomba vizuri. Watu walilia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama kola ya koti lake, ile niliyoigeuza mwaka jana, na sikuweza kusema amina.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nachemsha maji ya watoto wangu tangu Februari. Waithera sikumwambia. Niliogopa angeniuliza kwa nini, nami ningejibu, na neno lingetoka chumba hadi chumba mpaka limfikie Mjomba. Nikasema nitangoja barua yako kwanza.

Siku iliyofuata mazishi nilikwenda kaunsil. Kwa vile uliniacha bila kuniambia, acha mimi nikuambie, ili mwingine akikuuliza uwe na jibu. Unakwenda pale dirishani penye watu wa leseni. Karani alinisikiliza, akasema choo na maji ni kazi ya Bwana Afya, na vyumba vilivyojengwa bila plani ni kazi ya mtu wa majengo, lakini barua ni moja tu, inaandikwa kwa karani mkuu wa mji, naye anaigawa. Unaandika nambari ya ploti, kitu ulichoona kwa macho yako, tangu lini, na ni nani anaumia. Usiandike matusi wala ya kusikia. Nikamwuliza kama ni lazima niweke jina.

Akasema, "Mama, barua isiyo na jina tutamwuliza nani tukifika?"

Nikaliweka langu. Mwenye ploti haambiwi jina hilo, isipokuwa kesi ikihitaji shahidi. Nakala yangu waliigonga muhuri, wakaniambia kama sitaona mtu katika majuma mawili nirudi nayo, na nikikosa msaada hapo niende kwa afisa wa afya wa wilaya au nimwone diwani.

Ilikuwa rahisi, kaka. Hilo ndilo linaniua. Nilitoka pale kabla hata jua halijakuwa kali. Ningeweza kwenda mwezi wa tatu bila kumwuliza mtu yeyote.

Dada yako


Malili
15 Mei 1994

Dada yangu mpendwa,

Poleni sana, wewe na huyo mama. Mbula amelia kana kwamba alimjua mtoto. Tumewaombea kanisani.

Usijitwike mzigo usio wako. Watoto huugua, hata wa waliochemsha. Barua yako ya kwanza ilichelewa njiani, si unajua posta, na ya pili ilinikuta nimesafiri. Lakini nasikitika kwamba ulikimbia kaunsil bila kuningoja. Mjomba ni mzee wa kanisa. Mambo ya nyumbani yana njia yake.

Yaliyofanyika yamefanyika. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni wewe.

Nzioka


Kitui Mjini
20 Juni 1994

Kaka Nzioka,

Mwaitu anakusalimu. Mwezi wa sita umefika na anatazama njia. Maharagwe ya huko nyumbani yamekomaa vizuri, ya hapa chini yamekauka.

Bwana Afya alikuja. Alikuja na kijana wa kushika futi, wakapima kutoka choo hadi kisima, wakateka maji kwenye chupa, wakaenda. Baada ya siku chache notisi ikabandikwa: kisima kifungwe, choo kifukiwe na kichimbwe mahali watakapoonyesha, na vyumba vinne vifungwe kwa sababu havina plani. Mjomba alipelekwa kortini akatozwa faini. Hakubisha. Alisimama amevua kofia, akasema ndiyo kwa kila alichoulizwa. Nilikuwa nimekaa nyuma. Sikuitwa kutoa ushahidi kwa sababu alikubali yote.

Wale waliofukuzwa vyumbani walitoka na magodoro wakiuliza ni nani. Sijui nani alitangulia kusema, lakini kabla ya jioni ploti yote ilikuwa na jibu. Ni Waithera. Amefiwa, ana uchungu, na si mtu wa huku. Walisema Mjomba alimzikia mtoto na hivi ndivyo alivyomlipa. Kwenye bomba la kaunsil tunakochota sasa, alikuwa akifika wanawake wananyamaza. Sokoni mboga zake zililala mpaka zikawa manjano. Hata kanisani, benchi lake alikaa peke yake, na mimi, kaka, nilikaa la mbele yake, nikasikia akigeuza kurasa za kitabu cha nyimbo.

Mjomba hakumfukuza. Hakumtetea pia.

Ijumaa Waithera alikuja kwangu, akakaa pale mtoto wake alikuwa akikaa, chini, ameegemea mguu wa meza. Akaniuliza, "Ndila, wewe unajua ni nani?"

Nikasema sijui.

Jumamosi alipanda gari na vitu vyake. Amekwenda huko kwenu Malili, kwa ndugu yake Gicheru anayeziba matairi karibu na kituo cha mafuta. Kabla ya kwenda alinishukuru tena kwa gauni nililomshonea Wariara la kuzikiwa.

Nimwambie Mjomba? Niwaambie watu? Niambie, ingawa sijui kwa nini bado nakuuliza.

Ndila


Malili
29 Juni 1994

Dada,

Nyamaza. Huyo mama ameshaondoka, ana ndugu yake, atakula. Ukisema sasa utabomoa nyumba mbili kwa sababu ya kitu ambacho hakitamrudisha mtoto. Mwezi huu sitaweza kuja.

Nzioka


Kitui Mjini
21 Agosti 1994

Nzioka,

Tuko salama. Mwaitu sasa anatembea na fimbo.

Sikunyamaza. Nilijaribu Julai yote. Nilikuwa nikishona mkono usio wake kwenye nguo, nafumua, nashona tena. Mwishowe nikaenda kwa Mjomba, nikamkuta anapaka simiti choo kipya upande wa chini, mwenyewe, na miaka yake yote. Nikamwambia, "Mjomba, aliyekwenda kaunsil ni mimi."

Aliendelea kupaka mpaka simiti ya mwiko ikaisha. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijuaje.

"Ni wewe peke yako uliyeniletea maneno kwanza. Yule mama hakuwahi kuniambia kitu."

"Basi kwa nini uliacha wamseme?"

Akakaa juu ya mawe. Akasema, "Ningekukasirikia wewe ningebaki na nani? Nilipata mtu wa mbali wa kubeba lawama, nikamwacha abebe. Na nilikuwa nimezika mtoto wake." Halafu akafunika uso na ile mikono ya simiti. Sijawahi kumwona hivyo, hata baba alipokufa.

Nikamwuliza vyumba vile vilikuwa na haraka gani hata choo kichimbwe pale. Hapo akanishangaa. Akasema, "Nzioka hakukuambia? Mabati yote ni yake. Viwili vilikuwa vyake. Alitaka viishe kabla ya Machi."

Kaka, sasa ule ukurasa uliobaki mezani kwako nimeusoma.

Jumapili Mjomba aliomba nafasi kabla ya sadaka. Alisema, "Yule mama hakunishtaki. Aliyenishtaki ni wa nyumbani kwangu, na alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyewanywesha." Ameacha uzee wa kanisa. Watu waligeuka kunitazama, kwa sababu wa nyumbani kwake hapa mjini ni mimi tu. Wateja wanne wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Nimewapa. Usiku nalala kidogo zaidi kuliko Julai, lakini si sana.

Mwezi ujao nitakuja Malili. Sitakuja kwako. Nakuja kwa Waithera, maana kumtumia maneno kwa mtu mwingine ni kukimbia tena. Ukiniona barabarani nisalimie, mimi si adui yako.

Ndila


Malili
9 Oktoba 1994

Dada yangu Ndila,

Nakuandikia baada ya kutoka Matinyani. Nililala huko siku mbili. Mwaitu alinipa chakula, akanitazama nikila, na sikuweza kumaliza. Dawa ya mguu nimemwachia. Nilitaka kupitia kwako nikaona sistahili kabla sijakuandikia haya.

Siku ile ulipokuja nilikuona. Nilikuwa nyuma ya kaunta. Niliona mmekaa nyuma ya meza ya mboga, wewe unasema, yeye anafunga mafungu ya sukuma. Niliona ameacha kufunga. Ulipopanda gari hukuniambia alikujibu nini, na sikukuuliza. Hilo ni lenu.

Huyu mama amekuwa akiuza mbele ya duka langu tangu Juni. Nilikuwa namtuma mtoto kununua mboga kwake, mimi mwenyewe nikipitia mlango wa nyuma. Hakujua mimi ni nani. Baada ya wewe kuondoka nilimaliza wiki nzima nikipanga makopo ambayo yalikuwa yamepangika. Halafu nikaenda. Nikamwambia mimi ni kaka wa Ndila, vile vyumba viwili vilikuwa vyangu, na dada yangu aliniandikia kuniuliza ofisi nikanyamaza kwa sababu ya vyumba hivyo.

Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza, "Barua ilikufikia lini?"

Ningeweza kusema ilichelewa, kama nilivyokuambia wewe. Haikuchelewa, Ndila. Ilifika mapema na niliisoma siku hiyo hiyo, nimesimama mlangoni.

Nikamwambia, "Tarehe kumi Machi."

Akatazama barabara. Akasema, "Wariara alianza kuumwa baada ya Pasaka." Kisha akaja mteja, akamhudumia, akarudisha chenji, akapanga mboga upya. Hakuniambia niende wala nikae. Nikaenda.

Sikutarajia kumwona tena. Lakini juzi aliingia dukani, akasimama upande wa sabuni mpaka wateja wakaisha. Unalijua lile bucha kando ya soko. Tangu walipoanza kuchinja hapo nyuma, damu na taka za matumbo zinapita kwenye mtaro unaokatiza katikati ya wauza mboga. Mbwa wanalala hapo. Wanawake wamelalamika wenyewe kwa wenyewe mwaka mzima, hakuna aliyetaka kuandika, kwa sababu mwenye bucha ni mtu mkubwa hapa. Pia ni rafiki yangu, tunanunua pamoja kule Machakos. Nilishaupita mtaro huo mara nyingi.

Waithera akasema, "Wewe unajua watu wa kaunsil. Niandikie."

Nikatoa karatasi. Niliandika kama ulivyonifundisha: mahali, tulichoona kwa macho, tangu lini, nani anaumia. Nilimsomea, akanirekebisha mahali pawili. Chini nikaandika "Wakazi wa Malili", nikampa.

Akasoma polepole, akanirudishia. "Watafika wamwulize nani?"

Nikamwambia ni kwa usalama wake. Yeye ni mgeni hapa, Gicheru naye ana kazi yake, na watu wakikasirika watajua pa kuanzia.

Akasema, "Kitui walisema ni mimi, na haikuwa mimi. Hapa wacha iwe mimi kweli. Andika Waithera."

Nikafuta, nikaandika jina lake, akaweka sahihi. Sahihi yake ni ndogo, imeinama upande mmoja. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi. Akaweka kidole juu yake, akaisukuma nyuma kwangu pamoja na kalamu.

"Na lako," akasema.

Mwenye bucha alikuwa amekaa nje kwenye benchi langu, akinywa soda aliyoinunua kwangu. Nilimwona mgongo.

Kesho tunaipeleka kaunsil, kwenye mji wa Wote, mimi na yeye, na nakala tutagongesha muhuri. Hajanisamehe, na sijamwomba. Sijui atakavyosema mwenye bucha, na Mbula ana wasiwasi kuhusu duka. Lakini jina nimeliweka, dada, chini ya lake, refu, pamoja na la baba, ili wakija wasiulize ni Nzioka gani.

Kaka yako,
Nzioka